Kiboko Alikosea Nini? Kuikumbuka Tinga Tinga Tales

Kuna katuni moja ambayo nikiitaja mbele ya vijana wa umri wangu, wanakaa kimya kidogo wakiitafuta kichwani. Halafu mmoja anasema, "Si ni ile ya wanyama wa nukta nukta?" Mwingine anadakia, "Ile ya kwa nini, kwa nini?" Ndiyo hiyo. Inaitwa Tinga Tinga Tales. Hakuna anayekumbuka kipindi kizima. Mmoja anakumbuka tembo, mwingine anakumbuka wimbo bila maneno, mwingine anakumbuka rangi tu.

Naiandikia katuni hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, naipenda. Ya pili, mwaka jana ilinitia aibu mbele ya watoto thelathini hapa Kiryandongo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama nilichokuwa nakipenda ni katuni yenyewe au ni kitu kingine.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawakuiona. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, baadaye ikaenda Marekani kwa Disney. Ina vipindi 52, na kila kimoja kinachukua kama dakika 11. Aliyeibuni ni Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, lakini kazi ya uhuishaji ilifanyika Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz, kwa mikono ya vijana wa Kenya. Muziki ni wa Eric Wainaina. Kila kipindi kinajibu swali moja: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini simba ananguruma, kwa nini popo analala kichwa chini, kwa nini kobe ana gamba lililovunjika. Mwanzoni mnyama yuko vingine, halafu jambo linatokea, na mwishoni yuko vile tunavyomjua.

Mimi niliiona Busia, upande wa Uganda. Wakenya wenzangu wa hapa settlement wanajua njia tuliyopita. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zikachomwa, watu wakavuka mpaka kupitia Busia na Malaba, tukapelekwa kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo. Nilikuwa na miaka minane. Baadaye, mwaka huo wa 2008, malori yakaja kuwachukua watu kuwaleta Kiryandongo. Mama yangu hakupanda. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Busia, akasema anataka kukaa mahali ambapo akisimama anaweza kuona Kenya. Basi tukakaa Busia, yeye akauza omena sokoni. Mimi nilisoma sekondari Tororo, chini ya lile jabali, nikamaliza kidato cha nne, ndipo nikaja huku nikiwa mtu mzima.

Aliyewahi kuishi Busia anajua kwamba pale kila kitu kinavuka. Hata jina boda boda lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda. Siku hizi kuna kituo kimoja cha pamoja cha forodha, kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 na marais wawili, lakini sisi tulikua kabla ya hapo, na vitu vingi vilipita njia za panya: sukari, mafuta, vitenge, na sidii. Tinga Tinga ilitufikia hivyo. Ilikuwa kwenye sidii iliyonakiliwa, imechanganywa na filamu za kung fu, na juu imeandikwa kwa kalamu ya wino neno moja tu: KATUNI.

Hebu fikiria safari yake. Imechorwa Nairobi. Imepelekwa London ikauzwa huko. Halafu ikarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, kama magendo. Mtoto wa Uingereza aliipata nyumbani kwake kwenye televisheni. Mtoto wa Busia, aliye karibu zaidi na tembo na kiboko, aliipata baada ya kulipa shilingi 200 za Uganda na kukaa kwenye benchi la mbao, ndani ya kibanda cha mabati, jenereta ikinguruma nyuma.

Na hatukuisikia vile ilivyo. Toleo tulilopata lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha "good morning teacher". Lakini kibanda cha video hakikosi mtu wa kutafsiri. Upande wa Kenya watu walikuwa na DJ Afro anayesimulia filamu kwa Kiswahili, upande wa Uganda walikuwa na VJ Jingo wa Kiganda, na sisi wa katikati tulikuwa na kijana mmoja mwenye maiki iliyofungwa kwa utepe mweusi. Alikuwa anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye. Alichanganya Kiswahili, Kiganda na Kisamia kutegemea nani amekaa benchi la mbele. Kwake mamba alikuwa mamba wa mto Malaba. Simba alikuwa ofisa anayedai karatasi. Kima alikuwa mvushaji. Tulicheka mpaka mabati yakatikisika.

Mwaka jana ndipo nilipata vipindi kadhaa kwenye simu nikavitazama kwa mara ya kwanza vikiwa na sauti zake zenyewe. Nilishangaa. Waigizaji wengi wa sauti ni watu wa Uingereza, na baadhi yao wanaongea ile lafudhi ya "Kiafrika" ambayo huwezi kuisikia Busia wala Tororo wala mahali popote ninapopajua. Si vibaya sana, lakini ni kama kukutana na mtu uliyezoea barua zake, akifungua mdomo unagundua barua aliandikiwa na mwingine.

Picha, hata hivyo, hazikunidanganya. Picha ni nzuri leo kama zilivyokuwa. Zinafuata mtindo wa Tingatinga, uliopata jina kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na vifaa vya wasanii wa chuoni. Alichora kwenye hadibodi za ujenzi kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya kupaka baiskeli. Mnyama wake anajaza ubao wote. Nyuma hakuna upeo wa macho, hakuna barabara inayokwenda mbali, kuna rangi tu. Katuni imeuheshimu mtindo huo: chui ana madoa yaliyopangwa kama shanga, miti ni mapambo, jua ni duara kubwa bila haya.

Nadhani ndiyo sababu sisi watoto wa Busia tuliipenda bila kuelezwa. Ile rangi tuliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye malori yaliyopanga foleni kuelekea Kampala na Kigali, kwenye milango ya maduka, kwenye baiskeli za boda. Na kwangu mimi kulikuwa na jambo jingine. Dunia isiyo na upeo wa macho ni dunia ambayo hakuna mtu anayeondoka. Mnyama yuko hapo hapo alipo, na pale alipo panamtosha. Kwa mtoto ambaye mama yake alikuwa anasimama kila jioni akitazama ng'ambo, hiyo ilikuwa pumziko.

Sasa nije kwenye ile aibu.

Hapa kituoni nina kundi la watoto Jumamosi. Wengi ni wa Sudan Kusini, wachache ni Wakongo na Wakenya. Mimi nasimulia kwa Kiswahili, mwenzangu anatafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Siku hiyo laptopu haikuwa na chaji, nikaamua kusimulia kwa mdomo. Nikachagua kiboko, kwa sababu katuni ina kipindi cha kwa nini kiboko hana nywele, na kwa sababu hadithi hiyo naijua vile wazee wengi wanavyoisimulia: kiboko alikuwa na nywele nzuri sana, akajivuna, akawadharau wenzake, sungura akakasirika akawasha nyasi, moto ukamchoma, akakimbilia mtoni, na kwa aibu hakutoka tena mchana.

Niliisimulia vizuri, nakubali mwenyewe. Watoto walicheka kiboko alipojitazama kwenye maji. Nilipomaliza, msichana mmoja akainua mkono. Sitasema jina lake wala anakotoka. Ana kovu la moto kuanzia bega hadi kiwiko. Akauliza kitu, mwenzangu akasita kabla ya kutafsiri. Swali lilikuwa: "Kwa hiyo anayeungua moto, huwa amejivuna?"

Nilisema hapana. Nilisema hii ni hadithi ya wanyama tu. Nilisema mambo mengi haraka haraka, na nilijua kwamba hakuna hata moja lililojibu, kwa sababu yeye aliisikiliza hadithi vizuri kuliko mimi. Hadithi ilisema hivyo hasa.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama Tinga Tinga kwa jicho jingine. Hadithi za kwa nini zina nguvu moja kubwa: zinasema hakuna mwili ulio hivi hivi. Kila alama ina historia. Mtoto aliye na kovu, au asiye na baba, au anayeongea lugha ya watu wengine, anapenda kusikia hivyo. Lakini zina hila pia. Kwa sababu lazima zipate jibu moja, na jibu liingie dakika 11, jibu lililo rahisi zaidi ni kosa. Alikuwa mlafi. Alikuwa mvivu. Alijivuna. Alama inageuka kuwa adhabu, na mnyama mzima anageuka kuwa onyo kwa wengine.

Siyo kila kipindi kiko hivyo, na lazima niwe mkweli. Cha tembo ni kizuri mno. Tembo ana pua fupi, mamba anaikamata na kuivuta, pua inarefuka. Ni balaa limempata. Halafu anagundua kwamba kwa pua hii anaweza kunywa, kujimwagia maji, kuchuma majani. Jeraha limegeuka kifaa. Hakuna anayemwambia ulistahili, na hakuna anayemwambia shukuru kwa kuumizwa. Anaanza tu kuutumia mkonga wake. Kama ningeulizwa kipindi kimoja cha kuwaonyesha watoto wa kambi yoyote, ningechagua hicho.

Nimefikiria pia juu ya yule ambaye katuni imebeba jina lake. Edward Saidi Tingatinga alikufa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka kama minne tu, kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Jaribu kuifanya hiyo kuwa hadithi ya kwa nini. Kwa nini mchoraji alikufa? Hakuwa mlafi, hakujivuna. Alidhaniwa. Hadithi ya dakika 11 yenye funzo mwishoni haina mahali pa kuliweka neno hilo. Na sisi wengi tunaosoma kijarida hiki tuko hapa kwa sababu ya neno hilo hilo: tulidhaniwa kuwa watu wa upande fulani.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa zaidi ya miaka kumi. Pale Busia, kiboko tulimwona pia. Na hadithi niliyoisikia pale haikuwa ile niliyowasimulia watoto. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa benchi la mbele. Nyumba yetu ilichomwa, na kwa muda mrefu sikuweza kutazama moto hata kwenye filamu. Moto ulipoonekana kwenye skrini nikainamisha kichwa. Yule kijana mwenye maiki akanyamaza kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akasema, kwa Kiswahili peke yake, bila Kiganda wala Kisamia: moto umetoka ng'ambo, nani ameuwasha hajulikani, kiboko kakimbia na roho yake, kakuta mto, na mto umemwambia karibu, kaa hapa, nywele si kitu.

Hakutaja majivuno. Hakumtaja sungura. Nikainua kichwa.

Sijui alifanya vile kwa nini. Huenda Kiingereza chake kilimwishia, akajaza pengo kwa chochote. Huenda aliona watoto wa Mulanda waliokaa mbele, akajua tulikotoka. Mwaka jana nilipopita Busia nikienda kumwona mama nilimtafuta. Kibanda hakipo, pale pamekuwa duka la kutuma pesa kwa simu. Yeye yupo, anaendesha pikipiki, amenenepa. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za mama, akamwita shangazi. Nikamuuliza kuhusu kiboko.

"Kiboko gani, mdogo wangu?"

"Wa katuni. Tinga Tinga."

Alifikiri kwa nia njema kabisa. Anakumbuka filamu za kung fu, anakumbuka siku jenereta ilipowaka moto. Katuni haikumbuki hata kidogo. "Hizo nilikuwa naweka mchana kwa ajili yenu," akasema, "nilikuwa nasema tu chochote."

Nilirudi nikiwa na huzuni kidogo, lakini siku hizi nafikiri jibu lake linatosha. Katuni ninayoipenda ilitengenezwa na watu wengi: mchoraji wa Tunduru, kampuni ya Uingereza, vijana wa Nairobi, Eric Wainaina na muziki wake, na mtu mmoja wa Busia aliyesema chochote. Huyu wa mwisho hakuandikwa popote, na bila yeye labda ningekuwa mtu mzima nikiamini kwamba anayeungua amekosea.

Niseme na wenzetu wa mashirika, kwa heshima, kwa sababu na mimi nalipwa posho kufanya kazi hiyo hiyo. Tunapenda hadithi zenye ujumbe. Tunaandika maigizo ambayo kipindupindu kinampata asiyenawa mikono, mimba inampata msichana asiyesikia, na mwishoni mtu anasimama mbele na kusema tumejifunza nini. Hata kwenye mahojiano ya karatasi tunawauliza watu kwa nini uliondoka, na tunataka sababu moja, iliyonyooka, iingie kwenye nafasi iliyoachwa kwenye fomu. Mengine ni lazima, naelewa. Mikono inanawiwa. Lakini kuna mtoto kwenye benchi la mbele anayeisikiliza hadithi vizuri kuliko wewe, na anafanya hesabu zake kimya kimya.

Kwa hiyo sisemi tuiache Tinga Tinga. Nasema tuionyeshe, rangi zake zote, na tuwe na mtu mwenye maiki. Siku hizi nikisimulia, nafika pale penye moto nasimama. Nawauliza watoto: sasa kilitokea nini? Wamenipa majibu ambayo sikuyatarajia. Mmoja alisema moto ulikuwa wa radi. Mwingine alisema waliowasha walikuwa wanatafuta panya, hata hawakumjua kiboko. Mmoja alisema kiboko alizichoma nywele mwenyewe ili asitambulike njiani, na baada ya hapo darasa likawa kimya kwa muda.

Yule msichana hakusema kitu kwa wiki tatu. Wiki ya nne nilipouliza kiboko alikuwa anafanya nini moto ulipokuja, akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mtafsiri: "Alikuwa amelala."

Nikaandika hivyo ubaoni. Alikuwa amelala. Tukaendelea na hadithi kutoka hapo.

Kama kuna mtu hapa settlement ana vipindi vya Tinga Tinga kwenye flashi au simu, tafadhali aje navyo kituoni Jumamosi saa nne asubuhi. Tunavyo vinne tu, na cha tembo kinakwama katikati, pale pale mamba anapovuta.